Anayekwenda kijiji cha babu asiende kama mrithi

IKO safari moja ambayo Wamarekani wengi wa asili ya Hungaria huitamani tangu ujana, na wanapojaliwa kuifanya huwa wamekwisha kuota mvi. Ni safari ya kwenda kukiona kijiji alichotoka babu. Hubeba picha iliyofifia, karatasi iliyokunjwa mara nane, na jina la mahali ambalo hakuna hata mmoja katika familia ajuaye kulitamka. Hushuka Budapest, hukodi gari na mkalimani, wakaenda. Siku hizi ni biashara kamili. Wako watu wanaojipatia riziki kwa kuwaongoza wageni hao kutoka kanisa hadi kanisa na kutoka makaburi hadi makaburi.

Sina ugomvi na biashara hiyo. Ugomvi wangu ni na nia wanayokwenda nayo wengi wa wasafiri wenyewe. Hufika kijijini kama mtu aliyekuja kuchukua mali yake iliyowekwa amana. Wanataka nyumba, wanataka kisima, wanataka hadithi njema ya kwenda kuwasimulia wajukuu, na hawakumbuki kwamba kila mtu aliyeondoka aliacha watu nyuma. Nasema haya si kwa kuhadithiwa. Mwaka 2018 nilikuwa mkalimani wa mmoja wao.

Msomaji atauliza, Mkenya na Kihungaria wapi na wapi? Nilisomea kilimo katika mji wa Debrecen, mashariki mwa Hungaria, kwa msaada wa masomo wa nchi hiyo, na katika miaka hiyo nikajifunza lugha ambayo Wazungu wenzao huionea hofu. Kwetu sisi haitishi sana. Waswahili tunapachika viambishi mbele ya mzizi, wao huvipachika nyuma, lakini kazi ni ile ile. Sisi husema nyumbani kwa neno moja, nao husema házban kwa neno moja, wakimaanisha ndani ya nyumba. Tena kuna jambo ambalo lilinifurahisha nilipokuwa mwanafunzi na likaja kuniponza baadaye, kama nitakavyoeleza: Kihungaria hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi. Sisi tuna yeye. Wao wana ő. Basi.

Rafiki yangu huyo ni mwenyeji wa Cleveland, jimbo la Ohio, na tulijuana alipokuwa akifundisha Nairobi. Cleveland iliwapokea Wahungaria wengi mno mwanzoni mwa karne ya 20; katika barabara ya Buckeye mtu aliweza kuishi, kuoa na kuzikwa bila kusema neno la Kiingereza. Kwao walilelewa na hadithi ya baba wa babu yake, na hadithi hiyo ilikuwa na nguzo tatu. Ya kwanza, kwamba mzee huyo alifika Marekani akiwa kijana mseja. Ya pili, kwamba jina lake lilibadilishwa na afisa wa uhamiaji kwenye kisiwa cha Ellis aliyeshindwa kuliandika. Ya tatu, kwamba kijiji chake kiliitwa Szatmár. Katika nguzo hizo tatu haikubaki hata moja iliyosimama.

Nianze na ya pili, kwa kuwa uongo huo umeenea kote Marekani na hauna msingi. Maafisa wa kisiwa cha Ellis hawakuwa na kazi ya kuandika majina upya. Walikuwa na orodha ya abiria iliyoandikwa na kampuni ya meli kule bandari ya kuondokea, nao waliwahoji watu kwa kufuata orodha hiyo. Katika orodha ya mwaka 1909 mzee wetu yumo kwa jina la Szabó, jina la kawaida sana huko, maana yake fundi wa kushona nguo. Katika karatasi zake za uraia, miaka kadhaa baadaye, ni Taylor. Hakuna afisa aliyemwonea. Alijitafsiri mwenyewe.

Kuhusu Szatmár, hapo yataka kidogo historia, na ni hapa wasafiri wengi hupoteza fedha zao. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Ufalme wa Hungaria ulikuwa mkubwa maradufu na zaidi ya nchi tunayoiona leo kwenye ramani. Kwa Mkataba wa Trianon uliotiwa saini tarehe 4 Juni 1920, ulipoteza takriban theluthi mbili za ardhi yake kwa majirani. Pozsony ikawa Bratislava, Kassa ikawa Košice, Kolozsvár ikawa Cluj. Szatmár ilikuwa kaunti, na mpaka mpya ukaikata vipande. Mji wake mkubwa, Szatmárnémeti, uko Romania na huitwa Satu Mare. Mtu aliyesema ametoka Szatmár alisema kama Mkenya asemaye ametoka Murang'a: hujui kama ni mjini au ni mojawapo ya mamia ya vijiji. Rafiki yangu alikuwa amekwisha kulipia hoteli Satu Mare kabla hajanipigia simu.

Kule mpakani na Ukraine husimuliwa mzaha wa mzee mmoja aliyezaliwa Austria-Hungaria, akasoma Czechoslovakia, akaoa Hungaria, akafanya kazi Muungano wa Sovieti na sasa anapokea pensheni Ukraine. Akiambiwa kwamba amesafiri sana, hujibu kwamba hajatoka kijijini kwao hata siku moja. Hata sisi tunayo alama ya mambo hayo. Aliyepanda Mlima Kenya hulijua bonde la Teleki, lililopewa jina la Sámuel Teleki, yule mkabaila wa Kihungaria aliyefika mwaka 1888 kwenye ziwa kubwa la kaskazini akaliita Rudolf, kana kwamba Waturkana hawakuwa na jina lao. Ziwa hilo limeitwa Turkana tangu 1975. Na Sáromberk, alikozaliwa na kuzikwa Teleki mwenyewe, imo Romania na huitwa Dumbrăvioara. Mpa majina naye kanyang'anywa la kwao.

Nguzo ya kwanza, ile ya ujana na useja, ndiyo iliyotupeleka kijijini. Orodha ile ya meli ina safu ya kutaja ndugu wa karibu aliyeachwa nyumbani. Katika safu hiyo karani aliandika jina la kijiji, kilichoko upande wa Hungaria hata leo, na mbele yake neno moja: mke.

"Karani alikosea mstari," rafiki yangu alisema. Yawezekana. Makarani hukosea. Nami sikubishana naye.

Alikuwa pia amepeleka mate yake maabara kwa posta, kama ilivyo desturi ya siku hizi, akarudishiwa asilimia zake za Ulaya ya Mashariki zikiwa zimechorwa kwa rangi nzuri. Siyadharau maarifa hayo. Lakini asilimia haina namba ya nyumba. Vitabu vya makanisa ya Hungaria vinayo. Mchungaji au kasisi aliandika mtoto, wazazi, namba ya nyumba, kazi ya baba, na wasimamizi wa ubatizo, ambao mara nyingi ndio wanaokuonyesha ukoo wa mama ulikotoka. Vile vya Kikatoliki viliandikwa kwa Kilatini hadi miaka ya 1840, na mtu mwenye subira huvisoma. Katika miaka ya 1960 Wamormoni walipiga picha vitabu vingi mno vya aina hiyo, na leo mtu aweza kuvisoma akiwa kwake. Ila picha hizo aghalabu hukomea 1895, kwa kuwa tarehe 1 Oktoba mwaka huo serikali ilianza daftari zake yenyewe za uzazi, ndoa na vifo. Sisi tulitafuta jambo la baada ya hapo. Ilibidi tufunge safari.

Tulipanda treni katika stesheni ya Nyugati mjini Budapest hadi Debrecen, kisha treni ndogo hadi Mátészalka, kisha basi. Nchi ile ni tambarare, ina miti ya plamu kando ya barabara na viota vya korongo juu ya nguzo za umeme. Siku ya kwanza tulipitia Szatmárcseke, kijiji chenye makaburi ambayo sijaona mfano wake popote: badala ya misalaba yamesimamishwa magogo ya mwaloni yaliyochongwa kama mitumbwi iliyowekwa wima, mamia kwa mamia, yote meusi. Rafiki yangu alipiga picha nyingi. Alikuwa na furaha bado.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Kina watu wachache, nao hawakuniomba niwatie gazetini. Mchungaji wa Kanisa la Reformed, ambalo ndilo kanisa la wengi katika pande hizo, alitufungulia kabati, akaweka vitabu mezani na kutuletea kahawa. Haikutuchukua saa nzima. Ndoa, 1905. Ubatizo wa mtoto wa kiume, 1906. Halafu mchungaji, pasipo kuombwa, akafungua kitabu cha mazishi cha baadaye na kuweka kidole chake penye mwaka 1961.

Lazima nieleze kidogo desturi ya majina. Wahungaria hutanguliza jina la ukoo, kisha jina la mtu. Mwanamke akiolewa, kwa desturi ya zamani, jina lake lote huzama. Mke wa Kovács János huitwa Kovács Jánosné, kile kiambishi -né kikiwa na maana ya mke wa. Jina alilopewa na mamaye hubaki kwenye cheti. Basi marehemu wa 1961 alizikwa kwa jina la mumewe na kiambishi hicho nyuma yake. Kwa miaka hamsini na miwili tangu meli ilipoondoka, kila aliyemwita mama huyo alilitaja jina la mtu ambaye kule Cleveland alikwisha kuwa Taylor.

Rafiki yangu alilisoma jina lile mara mbili, akaniuliza kama mstari huo nao karani aliukosea. Aliuliza kwa sauti ya chini, nami sikupata la kumjibu.

Nyumba ilikuwapo, na mtu alikuwamo. Bibi wa miaka themanini na miwili, mjukuu wa yule mama, alikuwa ameketi barazani penye nguzo za mbao akitoa kokwa za plamu. Huko mwanamke wa umri wake huitwa néni, neno liwekwalo nyuma ya jina kama sisi tunavyosema bibi au shangazi, nami nikamwamkia hivyo. Mchungaji alimweleza sisi ni nani. Bibi akamtazama rafiki yangu kwa muda mrefu, hasa masikio yake. Kisha akanigeukia mimi akauliza: "Amekuja kwa ajili ya shamba?"

Rafiki yangu alicheka nilipomtafsiria. Bibi hakucheka, na mwenye kuijua nchi ile hatashangaa. Kati ya 1959 na 1961 mashamba ya wakulima yaliingizwa kwa nguvu katika vyama vya ushirika. Utawala ule ulipoanguka, sheria ya mwaka 1991 iliwapa fidia waliopoteza mali, na katika vijiji vingi ndugu waliokuwa wakigawana mkate wakafikishana kwa mawakili. Mgeni anayebisha hodi akidai ujamaa, mwenyeji ana haki ya kuuliza anataka nini.

Alipoambiwa kwamba hakuna anayetaka shamba, alitukaribisha chumba cha mbele, kile ambacho hakuna anayelala, chenye kitanda kilichorundikwa mito karibu na dari. Rafiki yangu akatoa picha yake: mzee akiwa na kizibao, mkewe wa Cleveland kando, watoto watano. Bibi akafungua mtoto wa meza na kutoa yake: mtu yule yule, kijana, siku ya harusi, na mwanamke mwingine. Zikawekwa sambamba juu ya kitambaa cheupe.

Bibi akasema maneno mawili. Ő várt.

Kwa Kiswahili ningesema alisubiri, na kazi ingekwisha. Kwa Kiingereza ilinibidi nichague ni mume au ni mke. Rafiki yangu alinikazia macho, na niliona dhahiri alichokuwa akikiomba. Lugha yenyewe ilinipa mwanya. Ningalisema mume ndiye aliyesubiri, na hakuna katika chumba kile ambaye angalijua. Nilisema ni mke.

Bibi akaendelea, taratibu, kama mtu anayesoma hesabu. Fedha zilikuja kutoka Marekani hadi 1912, kisha zikakoma. Mtoto aliyeachwa akiwa na miaka mitatu ndiye baba yake yeye. Alikua, akaoa, akapelekwa vitani, na Januari 1943, Jeshi la Pili la Hungaria liliposagwa kando ya mto Don huko Urusi, hakurudi. Huyo mama wa kwenye picha akamlea mjukuu kama alivyomlea mwana, peke yake. Alifariki majira ya baridi yale yale walipolichukua shamba.

Kisha akaniambia nimwulize mgeni swali moja. Mzee wao kule Marekani, aliwahi kuwataja?

"Mwambie ndiyo," rafiki yangu alisema.

Nilijua si kweli. Nilikuwa nimekaa naye juma zima akinisimulia kila kitu alichorithi kuhusu mzee huyo, hadi aina ya tumbaku. Lakini nikasema ndiyo. Bibi hakumtazama yeye, alinitazama mimi, akasema kwamba nimejifunza Kihungaria vizuri sana.

Nilikosa, na nakiri hapa. Mkalimani si mpatanishi. Ukweli ule ulikuwa wa bibi, naye aliuuliza waziwazi baada ya miaka mia moja na ushei ya familia yake kuungoja. Sisi wawili tukampa adabu badala yake. Wako watakaosema kwamba ukweli haumsaidii mtu wa umri huo. Mimi nasema mwenye umri huo, aliyezika wote hao, hakuwa na haja ya kulindwa nasi.

Njiani kurudi rafiki yangu alitafuta utetezi. Vita vilizuka 1914, alisema, posta ikakatika. Kisha Marekani ikafunga mlango, na sheria ya 1924 ikaruhusu wahamiaji 473 tu kwa mwaka kutoka Hungaria. Yote hayo ni kweli. Lakini ndoa ya Cleveland ilifungwa 1913, kabla ya risasi ya kwanza, na sheria ile ile ya 1924 haikuwahesabu wake za raia wa Marekani katika idadi hiyo. Nilimwambia hivyo. Hatukuzungumza tena hadi Debrecen.

Simhukumu marehemu. Wahungaria zaidi ya milioni moja walivuka bahari kabla ya 1914, wengi wao wakikusudia kukaa miaka mitatu au minne, kulipa deni na kurudi kununua shamba, na wengi kweli walirudi. Anayesukuma makaa katika tanuri la chuma kwa saa kumi na mbili kila siku ana udhaifu wake. Ninachokataa ni kitukuu kufika na hati ya kumtakasa iliyokwisha kuandikwa, akitafuta muhuri tu. Safari kama hiyo ni heri mtu akae kwake atazame asilimia zake.

Tena rafiki yangu alibahatika kumpata mtu wa kumwuliza amekuja kwa nini. Kuna vijiji ambako hayupo. Kati ya tarehe 15 Mei na 9 Julai 1944, Wayahudi wapatao 437,000 walisombwa kwa treni kutoka Hungaria ya wakati huo, karibu wote wakapelekwa Auschwitz, na walianza na wa mikoani. Mzao wao anayekwenda leo hukuta sinagogi lililogeuzwa ghala na mawe ya makaburi yaliyozama nyasini. Baba wa mwigizaji Tony Curtis, aliyezaliwa New York kwa jina la Bernard Schwartz, alitoka pande hizo za Mátészalka. Curtis hakuwa na nyumba ya kubisha hodi. Alichofanya ni kusaidia kuchangisha fedha, kwa wakfu wenye jina la babaye, za mti wa chuma uliosimamishwa nyuma ya sinagogi kuu la mtaa wa Dohány, Budapest, ambao majani yake yamechorwa majina ya waliouawa. Na kuanzia Januari 1946 ikawa zamu ya wakazi wa asili ya Kijerumani, wakipakiwa kwenye mabehewa hapo Budaörs, karibu na mji mkuu, kupelekwa Ujerumani. Vijiji vyao vina watu, lakini ni watu wengine.

Kabla ya basi kuondoka, bibi alitupeleka makaburini. Alitembea mbele, na fimbo. Jiwe lilikuwa dogo na safi, lenye jina la mume na kile kiambishi chake, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina ambalo mama huyo alizaliwa nalo. Huko kaburi hulipiwa kwa miaka 25, na muda ukiisha pasipo mtu wa kulipa, mahali pale hupewa mwingine. Rafiki yangu akatoa pochi. Aliniomba nimwulize bibi ni kiasi gani kwa miaka 25 mingine.

Bibi akamwambia arudishe fedha zake mfukoni. Alikwisha kulipa yeye mwenyewe, mwaka 2016. Muda utakwisha 2041, na yeye hatakuwapo. Hapo, alisema, zamu itakuwa ya watu wa Cleveland.

Rafiki yangu akaiandika tarehe hiyo nyuma ya picha yake.